Somo: Jinsi ya kuchagua kitabu kimoja kwa wanafunzi wote wa mwaka wa kwanza

Vyuo vingi vya Marekani vina desturi nzuri: kabla masomo hayajaanza, kila mwanafunzi mgeni hupewa kitabu kilekile, na wanapokutana chuoni wanakijadili pamoja. Hapa Lamu tunaweza, tena bila fedha nyingi. Kazi ni kuchagua.

Hatua ya 1. Ondoa kwenye orodha kila kitabu kilichotahiniwa sekondari. Hili nalisisitiza kuliko mengine yote. *Chozi la Heri* na *Bembea ya Maisha* ni kazi nzuri, lakini zimetahiniwa katika KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari Kenya, na vijana walizisoma kwa kalamu mkononi wakiwinda maudhui, sifa za wahusika na mbinu za uandishi. Ukimrudishia kijana kitabu hicho, atakusomea mwongozo. Anayeingia chuo anahitaji kitabu ambacho hakuna aliyemwandalia majibu yake.

Hatua ya 2. Tafuta kitabu kitakachowagawanya. *Utendi wa Mwana Kupona* ulitungwa 1858, ni wosia wa mama wa Pate kwa bintiye. Una beti 102 tu, kwa hiyo unasomeka kwa kikao kimoja. Zile beti za kumtumikia mume zinatosha kuwasha mjadala mpaka adhana: huyu ataona mwanamke anafundishwa kunyamaza, yule ataona mama mjuzi anayempa bintiye mbinu za kuishi salama katika nyumba ya watu. Wote wawili watalazimika kurudi kwenye ubeti ili kujitetea, na hapo ndipo usomaji wa chuo unapoanza.

Ukitaka riwaya, ipo *Peponi*, tafsiri ya *Paradise* ya Abdulrazak Gurnah (1994). Yusuf, mtoto wa miaka 12, anachukuliwa na tajiri kwa sababu ya deni la babake. Uliza swali moja tu: baba alikuwa na njia nyingine? Kisha kaa kando.

Hatua ya 3. Kijaribu kwa sauti. Waite wanafunzi watatu wanne wa mwaka wa pili, wa umeme, wa upishi, wa ualimu, wakae barazani baada ya Alasiri wapokezane kurasa za mwanzo. Wewe usieleze kitu. Wakikwama kwa neno gumu si neno. Angalia wanapoacha kusoma ili wabishane, na angalia kama kuna atakayeomba kuondoka na kitabu.

Hatua ya 4. Agiza mapema. Mzigo ukitoka Mombasa unakuja kwa basi hadi Mokowe, halafu boti.

Hatua ya 5. Usikitungie mtihani. Kamwe.

Maswali ya walimu

*Shikamoo Maalim. Wanafunzi wangu wengi ni wa Mpeketoni na Garsen, Kiamu, lahaja ya Lamu, hawakijui. Mwana Kupona atawafaa?*

Marahaba. Atawafaa, ila usiwaache peke yao. Waketishe wawili wawili, wa bara na wa visiwani. Kijana wa Siyu aliyezoea kuchekwa kwa lafudhi yake ndiye atakayekuwa anafafanua beti, na hilo litamjenga kuliko hotuba yoyote ya kumkaribisha.

*Tunaruhusiwa kupiga fotokopi?*

Beti zenyewe, ndiyo. Kenya haki ya mtunzi hudumu miaka 50 baada ya kifo chake, na Mwana Kupona alifariki karne ya 19. Lakini maelezo na tafsiri za wahariri wa siku hizi zina wenyewe, usizinakili. *Peponi* nayo inunuliwe. Kama fedha ni chache, nakala moja izunguke kwa wanafunzi watatu, kila mmoja na wiki yake.

*Masomo yetu yote ni kwa Kiingereza. Mbona tusichague cha Kiingereza?*

Ndiyo maana napenda riwaya yenye matoleo ya lugha zote mbili: kila mtu asome kwa lugha anayoiweza. Mjadala, hata hivyo, naomba uwe kwa Kiswahili. Mwenye hoja na asiye na Kiingereza cha haraka asinyimwe zamu.

*Walimu wenzangu wa ufundi wanasema hii ni kazi ya watu wa lugha.*

Usibishane nao. Mtafute mmoja anayependwa na wanafunzi, mpe kitabu mwezi mzima kabla, kisha mwombe aongoze kundi moja. Swali la Yusuf na deni halihitaji shahada ya fasihi. Kundi lake likichangamka, wenzake watakuja kuuliza nakala.