Kisu cha kukunja ulichoachiwa na babu: namna ya kukifufua

Visu vingi vya kukunja vya zamani ninavyoletewa hapa Nairobi vinafika vimeshasuguliwa kwa waya wa sufuria. Kutu imetoka, sawa, lakini na jina la mtengenezaji limeondoka nayo. Kabla hujagusa chochote, kubali jambo moja: utaondoa kidogo kuliko unavyotamani. Chuma kikishaliwa hakirudi.

1. Kijue kisu chako

Kifungue dirishani penye mwanga, usome mhuri ulio kwenye bapa karibu na kiungo. Sheffield ni Uingereza, Solingen ni Ujerumani. Visu vya Okapi vilianzia Ujerumani mwaka 1902 kwa ajili ya soko la Afrika. Siku hizi vinatoka Afrika Kusini. Ukiona mshale mpana uliogongwa kwenye chuma, pamoja na sindano nene ya kufungulia mafundo ya kamba, hicho ni kisu cha jeshi la Uingereza. Kama babu alikuwa KAR, yaani askari wa King's African Rifles wakati wa ukoloni, usishangae.

Tafuta pia neno "stainless", "inox" au "rostfrei". Chuma kisichoshika kutu kilianza kutengenezwa Sheffield mwaka 1913, kwa hiyo kisu kikongwe kisicho na neno hilo kichukulie kuwa cha chuma cha kaboni: kinanoleka vizuri, lakini hakipendi maji kabisa.

Mpini nao uangalie. Wa mbao, mfupa au pembe ya ng'ombe usiuloweke, utapasuka. Ukiwa wa seluloidi, ile plastiki ya kale yenye rangi za kumetameta, uweke mbali na moto na mbali na visu vingine; ikizeeka hutoa mvuke unaokula chuma. Ukiwa wa pembe ya ndovu, simama hapo hapo. Chini ya sheria ya wanyamapori ya 2013, kuwa nayo bila kibali ni kosa. Zungumza na KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, kabla ya kufikiria kunoa au kuuza.

2. Legeza kiungo

Kikigoma kufunguka, usikivute kwa koleo. Tia tone la mafuta ya cherehani kwenye kiungo, kilaze usiku kucha, kisha jaribu polepole. Uchafu wa mfukoni utoe kwa kijiti cha meno. Tia tone jingine, fungua na ufunge, pangusa, rudia mpaka mafuta yatoke safi. Mafuta ya kupikia hayafai hapa: yanaganda na kunata, na miezi michache baadaye utakuwa pale pale.

3. Kutu

Tofautisha rangi mbili. Wekundu unaotoka kwa unga ni kutu, na huo uondoke. Kijivu au weusi uliotulia juu ya chuma ni umri wake. Uache, kwa sababu unasaidia kukinga kutu mpya. Wanaoking'arisha kisu kama kijiko cha harusi wananiudhi, lakini kisu ni chao.

Paka mafuta, ngoja kidogo, kisha sugua taratibu kwa foili ya jikoni iliyokunjwakunjwa. Foili ni laini kuliko chuma, haitaacha mikwaruzo mirefu. Vishimo vilivyokwisha kuchimbika viache. Siki usilowekee kisu kizima: itapenya hadi kwenye springi, mahali ambapo huwezi kufika kuikausha.

4. Makali

Wanoaji wa baiskeli wanaopita mitaani nawaheshimu, na panga langu nawapa wao. Kisu hiki hapana. Jiwe linalozunguka kwa kasi hupasha makali moto, na chuma kikigeuka buluu ugumu wake umekwisha.

Nunua jiwe la pande mbili kwenye duka la hadweya, au tumia msasa wa maji wanaotumia wapiga rangi wa magari kule Grogan, namba 800 kisha 2000, ukiubandika juu ya kipande cha kioo.

Pembe ya kunolea wengi hukisia. Chukua kona ya karatasi, ambayo ni nyuzi 90. Ikunje katikati upate 45, ikunje tena upate 22 na nusu. Iweke kando ya jiwe na uinue mgongo wa kisu kiasi hicho. Paka makali wino wa kalamu nene, pitisha mara mbili tatu, utazame. Wino ukifutika juu tu, umelaza kisu mno; ukifutika ukingoni tu, umekiinua mno.

Noa upande mmoja mpaka ncha ya kidole, ikipita kutoka mgongoni kuelekea nje ya makali, ihisi kijisugu chembamba cha chuma upande wa pili, urefu wote. Geuza, fanya hivyo hivyo, kisha hamia upande laini wa jiwe kwa mikono miepesi. Malizia kwenye mkanda wa ngozi, ukiburuta kinyumenyume, makali yakifuata nyuma. Nyanya iliyoiva ndiyo mtihani: ngozi ikatike bila kubonyea.

5. Kukitunza

Kama utakatia matunda, kipake likwidi parafini ya duka la dawa, ile ya kunywa, si mafuta ya taa. Usikihifadhi ndani ya ala ya ngozi, hasa mvua za Machi hadi Mei. Ngozi hufyonza unyevu. Kifunge kwa kitambaa kikavu, pamoja na kile kipakiti cha chembechembe kinachokuja na viatu vipya. Mjini usitembee nacho mfukoni, walinzi wa milangoni watakuuliza maswali, na ukisafiri kwa ndege kiweke kwenye mzigo unaoingia chini.