Kipimo cha VVU kwenye kaunta ya duka la dawa

Anayeomba kondomu, kidonge cha dharura cha kuzuia mimba au dawa ya maumivu ya kukojoa ndiye wa kuanza naye. Usimwite pembeni mbele ya foleni, watu wataelewa. Mfungie alichonunua, kisha useme kwa sauti ya kawaida: "Kaka, tuna kipimo cha VVU cha kujipima mwenyewe. Chumba kipo hapa nyuma, au utaenda nacho." Dereva wa lori anayesubiri kuvuka mpaka pale Malaba huenda akakibeba, kwa hiyo mwelekeze kabla hajatoka.

Kwanza uliza mambo mawili. Anameza ARV? Usimuuzie, maana dawa hizo za VVU hupunguza kingamwili, ambazo ndizo kipimo hutafuta, na jibu laweza kutoka hasi ya uongo. Alikuwa katika hatari ya kuambukizwa ndani ya saa 72 zilizopita? Bado ni mapema mno kwa kipimo hicho kuona maambukizi hayo. Anahitaji PEP, yaani dawa za kuzuia maambukizi, za siku 28, basi mtume kituo cha afya leo hii.

Wengi hukiita kipimo cha mate, na makosa huanzia hapo: mtu anakusanya mate au anasugua ulimi. Kinachotakiwa ni majimaji ya ufizi. Asile wala kunywa kwa dakika 15 kabla. Kama amepiga mswaki, 30. Kichupa kifunguliwe na kusimamishwa kwenye kishikio kwanza, la sivyo dawa itamwagika. Pedi ya kipimo ipite mara moja ufizi wa juu, mara moja wa chini, iingie kichupani, isiguswe tena. Asome kati ya dakika 20 na 40. Zikipita, kipimo hicho kitupwe. Mstari wa C, unaoonyesha kipimo kimefanya kazi, ukiwa peke yake bila wa T ni hasi, ingawa aliyehatarishwa ndani ya miezi 3 atarudia. C na T, hata T iwe hafifu, aende kupimwa damu. Usimwambie "una VVU", hiyo si kazi ya kipimo hiki. Bila C, kimeharibika.

Kaswende ina mtego wake: aliyekwisha kutibiwa anaweza kuonyesha chanya kwenye kipimo cha haraka kwa miaka mingi. Usidunge penisilini kwa mstari huo tu.

Mwanamume anayetoka usaha usimpe siprofloksasini hata akiitaja kwa jina. Kisonono kimeizoea, na tangu 2016 WHO haiipendekezi tena.

Vipimo vihifadhiwe kati ya nyuzi 2 na 30. Rafu iliyo chini ya bati, saa nane mchana, inazidi hapo.