Mwaliko wa kongamano la wanafunzi Ulaya ukifika shuleni, anza na vyeti vya kuzaliwa

Mwaka huu nimesindikiza wanafunzi wanne wa kidato cha tatu kwenye kongamano la shule rafiki huko Ujerumani, siku sita za kujadili maji, tabianchi na wakimbizi. Mwanza na Würzburg ni miji ndugu tangu 1966, na urafiki wa shule yetu ulichipukia hapo. Kongamano siku sita, maandalizi miezi saba. Miezi kama miwili ya hiyo niliipoteza kwa ujinga wangu, na ndiyo inayonifanya niandike.

Fomu ya waandaaji isikutishe. Wanataka majina, jina la mwalimu msindikizaji na insha fupi ya kila mtoto. Kwenye insha piga marufuku sentensi ya "dunia ni kijiji". Binti yetu mmoja aliandika juu ya gugumaji lililoziba mwalo ambako mama yake ananunua samaki, mitumbwi ikalala nje siku mbili. Wenyeji walimwomba aisome mbele ya ukumbi mzima. Mtoto anayeamka akitazama Ziwa Victoria, ziwa la nchi tatu, hana haja ya kwenda kuazima barafu za Ncha ya Kaskazini.

Sasa majina. Kabla hujachagua nani aende, kusanya vyeti vya kuzaliwa. Usipokee kopi, wala "mama ataleta kesho". Cheti chenyewe kiwe mezani, ukilinganishe herufi kwa herufi na jina alilosajiliwa nalo mtoto kwa ajili ya mitihani. Sisi tulichagua kwanza, tukatangaza mstarini, watoto wakapigiwa makofi, ndipo tukaona vyeti. Mmoja ukoo wake unaanza na zile herufi zetu Wasukuma, Ng'w. Cheti kilikuwa na kile kidoti cha juu, daftari la shule halikuwa nacho, na barua ya mtendaji wa mtaa ilikiweka baada ya W. Kwenye dirisha la ofisi moja nikaambiwa kwa upole kabisa, "Mwalimu, hawa ni watu watatu."

Kinachochekesha ni kwamba kwenye ile mistari miwili ya chini ya pasi ya kusafiria, inayosomwa na mashine, kidoti hicho huachwa kwa kanuni za kimataifa. Tiketi ya ndege nayo ikatwe bila kidoti. Lakini hoja hiyo haina nguvu dirishani saa saba mchana, mtu anapofikiria chakula. Tofauti ya herufi inamalizwa kwa kiapo mbele ya wakili. Jina likiwa limebadilika lote, kwa mfano mtoto alibatizwa na kuandikishwa shule kwa jina jipya, itabidi hati ya kubadili jina, nayo husajiliwa kwa Msajili wa Hati. Hiyo ni safari nyingine. Mtoto wa namna hiyo aanze miezi mitatu kabla ya wenzake.

Pasi yenyewe ni rahisi kuliko sifa zake. Unajaza mtandaoni, unapata kontroli namba ya kulipia, jumla ni shilingi 150,000. Andaa cheti cha mtoto, cheti cha mzazi au kiapo cha kuzaliwa kwake, kitambulisho cha taifa (NIDA) cha mzazi na barua ya ridhaa, kisha mtoto aende mwenyewe kwa picha na alama za vidole. Wazazi wengi wa umri wetu hawana vyeti vya kuzaliwa, kwa hiyo bajeti ya wakili iwe ya watoto na wazazi wao.

Vibali vina njia mbili, na watu huzichanganya. Ya wanafunzi inapita kwa mkuu wa shule, inakwenda kwa afisa elimu sekondari na mkurugenzi wa halmashauri yako. Nasema yako. Shule ikiwa Nyakato, Kirumba au Pasiansi, wewe ni wa Manispaa ya Ilemela na ofisi ziko Buswelu. Mimi nilikaa asubuhi nzima kwenye benchi la Halmashauri ya Jiji la Mwanza na barua ya shule iliyoko Ilemela, nikiwa na fundisho la jiografia kichwani. Njia ya pili ni yako mwenyewe kama ni mtumishi wa umma: kibali cha kusafiri nje ya nchi, kinachoombwa kwenye mfumo wa e-Vibali kupitia kwa afisa utumishi. Omba wiki ileile mwaliko ulipofika, na hakikisha mwaliko unataja waziwazi nani analipia tiketi, malazi na chakula. Barua isiyosema nani analipa hurudi ikiwa na alama ya kuuliza ya kalamu nyekundu.

Viza ndiyo iliyonimaliza. Maombi ya viza ya Schengen, ile moja inayotumika Ujerumani na nchi nyingine nyingi za Ulaya, hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari, mwisho siku 15 kabla. Uamuzi kwa kawaida ni ndani ya siku 15 na unaweza kuvutwa hadi 45, basi usikubali kukata tiketi isiyobadilishika. Bima ya safari iwe ya angalau euro 30,000. Kuanzia miaka 12 mtoto anachukuliwa alama za vidole, maana yake wote wanakwenda Dar es Salaam. Basi la alfajiri kutoka stendi ya Nyegezi, mgongo utakueleza yaliyobaki.

Hapa kuna jambo ambalo hakuna aliyeniambia. Ada ya viza hiyo kwa mwenye miaka 12 au zaidi ni euro 90 tangu Juni 2024, lakini kanuni zake zinawasamehe wanafunzi wanaosafiri kwa masomo au mafunzo, pamoja na walimu wanaowasindikiza. Mwaliko wetu wa kwanza ulisema tunakwenda "kutembelea marafiki". Tuliomba wenyeji waandike upya: kongamano la wanafunzi, ratiba ya kila siku, jina la mwalimu. Euro 450 zikabaki mfukoni mwa shule.

Ridhaa ya wazazi iwe ya wote wawili, mbele ya wakili, na tafsiri yake. Kama mmoja amefariki, weka cheti cha kifo. Sisi tulifika Dar na ridhaa tatu kamili na moja yenye sahihi ya mama peke yake, tukarudishwa na mtoto huyo. Baba yake ni mvuvi wa dagaa. Nilipanda meli ya Nansio, huko Ukerewe, Jumamosi kumtafuta, nyumbani nikaambiwa, "Mwalimu, yuko kambini kisiwani, atarudi mbalamwezi." Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Mwezi ukiwa mpana, taa hazina kazi, na wavuvi hurudi kwa familia zao. Mwezi ulikuwa bado mchanga kabisa. Tulisubiri siku kumi, akaja Mwanza, akatia sahihi kwa dakika mbili, akaniuliza kwa nini sikusema mapema. Safari ya pili ya Dar tuliilipia wenyewe.

Kadi ya homa ya manjano msiisahau, hasa kama mtarudi kupitia Addis Ababa au Nairobi. Chanjo ipigwe siku 10 au zaidi kabla ya kuondoka.

Ridhaa halisi zibaki mkononi, usizitie kwenye begi kubwa. Tuliulizwa hapahapa nchini wakati wa kutoka, tukaulizwa tena tulipotua, na mara zote mbili begi lilikuwa limeshakwenda.