Kupanga safari ya pikipiki Stelvio: panda mapema, shuka kwa gia

Barabara ya Stelvio, kaskazini mwa Italia, ina kona 48 za kukunja upande wa kijiji cha Prato pekee, na kilele chake kiko mita 2,757 juu ya usawa wa bahari. Mhandisi Carlo Donegani aliisimamia ikijengwa kati ya 1820 na 1825, enzi za utawala wa Austria, na waliokuwa wakipita ni farasi na mikokoteni. Kutoka Prato hadi juu ni kama kilomita 25 tu, ndiyo maana wengi huichukulia kama safari ya nusu saa. Mimi huipanga kwa saa ya kuondoka na kwa hali ya breki. Kilomita hazikuambii chochote huko.

Hatua ya 1: Chagua siku na saa

Majira ya baridi barabara hufungwa. Kwa kawaida hufunguliwa mwishoni mwa Mei au Juni na kufungwa tena karibu na Novemba, kutegemea theluji, kwa hiyo hakikisha iko wazi kabla hujalipia chumba. Kila mwaka, mwishoni mwa kiangazi, kuna siku moja ambayo magari na pikipiki huzuiwa ili waendesha baiskeli wapite peke yao. Iangalie pia.

Epuka Jumamosi na Jumapili ukiweza. Ondoka Prato asubuhi na mapema, kabla mabasi ya watalii na misururu ya magari haijaanza kupanda. Tofauti ni kubwa mno: asubuhi unaiona barabara, saa sita mchana unaona bomba la moshi la gari lililo mbele yako.

Hatua ya 2: Andaa pikipiki, ukianza na breki

Kagua unene wa pedi, kisha uulize mafuta ya breki yalibadilishwa lini. Mafuta hayo hunyonya unyevu kadiri muda unavyopita, na yakishakuwa na maji huchemka kwa joto dogo zaidi. Yakichemka kwenye mteremko, unabana breki na mkono unazama tu bila pikipiki kupunguza mwendo. Kama yamepita miaka miwili, yabadilishe kabla ya safari.

Upepo wa tairi upimwe tairi zikiwa za baridi. Tangi lijazwe bondeni. Kule juu hewa ni nyepesi kwa karibu robo ukilinganisha na pwani, hivyo injini itapoteza nguvu, hasa ya kabureta. Usishtuke.

Hatua ya 3: Vaa kwa ajili ya kilele

Joto hupungua kwa takriban nyuzi 6.5 kila unapopanda mita 1,000. Toka Prato hadi juu, hiyo ni kama nyuzi 12. Beba koti la mvua na glavu nzito hata kama bondeni kuna jua kali, kwa sababu vidole vilivyokufa ganzi haviwezi kubana breki kwa kipimo.

Hatua ya 4: Panda kutoka Prato

Napendekeza upande huu bila kusita. Kona zina vibao vya namba, 48 chini na 1 juu, kwa hiyo wakati wote unajua zimebaki ngapi. Ukifika Franzenshöhe, hoteli iliyo njiani kwenye mita 2,188, simama. Kutoka hapo ukuta wote wa kona za mwisho uko mbele yako, na unaweza kuona ni magari gani yanashuka.

Italia huendesha upande wa kulia, kwa hiyo kona ngumu ni ya kulia: ndiyo iliyobana na yenye mwinuko mkali ndani. Kabla hujaingia, inua macho utazame barabara iliyo juu yako. Ukiona basi linashuka, subiri chini ya kona, mahali ambapo mguu unafika chini vizuri. Sheria ya Italia humtaka anayeshuka asimame njia ikiwa finyu, lakini basi haliwezi kukunja bila kuchukua upande wako.

Njia ikiwa wazi, punguza gia kabla ya kona. Ingia ukiwa karibu na mstari wa kati bila kuuvuka, geuza kichwa kabisa utazame unakotokea, na uendelee kuipa injini mafuta kwa kiasi kilekile. Mwendo ukizidi, gusa breki ya nyuma taratibu. Usibane breki ya mbele usukani ukiwa umekunjwa, wala usivute klachi katikati ya kona. Watu wengi huangukia hapo, tena kwa mwendo wa kutembea. Kona za kushoto zina nafasi zaidi. Jihadhari tu usikate upande wa wenzako.

Mkiwa kundi, asiye na uzoefu awe wa pili, nyuma ya kiongozi, na mwendo uwe wake.

Hatua ya 5: Shuka kwa injini

Tumia gia ileile ambayo ungeitumia kupanda. Bana breki kwa nguvu kabla ya kona, kisha iachie ipoe. Kuiburuza kidogokidogo njia nzima ndiko kunakoichemsha. Ukisikia harufu ya kuungua au breki ikawa laini mkononi, egesha na usubiri. Usimwagie diski maji.

Badala ya kurudi ulikopanda, telemka kidogo upande wa pili, kuelekea mji wa Bormio, kisha pinda kulia kwenye njia ya Umbrail kuelekea Santa Maria, Uswisi. Ukirudi Prato kupitia mji mdogo wa Glorenza unapata mzunguko wa takriban kilomita 60. Njia hiyo haihitaji stika ya barabara kuu za Uswisi, ila utavuka mpaka mara mbili: beba pasipoti, leseni ya kimataifa kama yako si ya Ulaya, na hati ya bima inayotaja nchi zote mbili. Namba ya dharura ni 112 pande zote.