Nyanya zanyauka na maji umetia? Tazama mizizi kwanza

Kama uko Kisauni ama Likoni huko na nyanya zako zalala saa saba mchana, jioni zaamka, na asubuhi ulimwagilia vizuri, usikimbilie agroveti kununua dawa ya majani. Chimbua mche mmoja taratibu (usiuvute, vijizizi vitabaki chini), suuza kwenye ndoo. Mizizi ikiwa imefura vifundo kama shanga basi ni minyoo fundo, na mchanga wetu wa pwani waupenda mno. Kwa kunde angalia vizuri, vile vya bakteria wazuri vyabanduka kwa ukucha na ndani ni vya waridi, lakini cha mnyoo hakibanduki manake ni mzizi wenyewe umevimba.

Sasa ujue anavyoingia. Ni kinyoo hukioni kwa macho, chaingilia karibu na ncha ya mzizi, chapenya baina ya seli na seli bila kuzipasua ili mmea usishtuke. Kikifika kwenye mishipa ya maji chadunga seli chache na kisindano chake cha mdomoni, chatema protini, nyingine zashusha ile asidi ya salisili ambayo mmea huitumia kujilinda, nyingine zafanya kiini cha seli kijigawe tena na tena na seli yenyewe isigawanyike, mpaka yawa jitu la seli lenye viini hata mia. Jike hahami tena hapo, ananyonya tu na kutaga mayai mamia. Ndio maana kupulizia majani ni kutupa pesa.

Halafu kuna mbegu zenye herufi N kwenye pakiti (ya nematode, yaani minyoo hawa), wengi hununua wakadhani wamemaliza. Kinga yao ni jeni ya Mi, ilitolewa kwa nyanya pori za Amerika Kusini, ila udongo ukipita nyuzi 28 inalegea, na kaskazi yetu mwaijua wenyewe.

Hilo joto litumie wewe kuwaua minyoo. Januari hadi Machi lowesha kitalu, funika na plastiki inayoona ndani (si nyeusi), fukia kingo, acha wiki 4 mpaka 6. Mizizi ya zamani choma, usiitie kwenye mboji. Baada ya nyanya usipande mabenda wala biringani, minyoo wazila pia, afadhali maua ya marigoldi shamba zima miezi kadhaa, vitatu vya pambo pembeni havisaidii kitu. Na ukinunua miche, muulize muuzaji akuonyeshe mizizi kabla hujalipa, akikataa nenda kwa mwengine.