Namna SACCOS ya Kigoma inavyoweza kuuingiza uendelevu kwenye daftari la mikopo

Chama cha akiba na mikopo chenye wanachama Ujiji, Katonga au Kibirizi kinaishi kwa vitu viwili ambavyo hakivimiliki: Ziwa Tanganyika, na udongo wa milimani unaobeba michikichi. Samaki wakipungua, marejesho hupungua. Mchikichi ukikosewa mbegu, kosa hilo huonekana miaka mitatu baadaye, wakati fedha za wanachama zimekwishatoka. Ndiyo maana ninaamini kwamba sera ya uendelevu ya SACCOS lazima isomeke ndani ya ratiba ya marejesho, aina ya dhamana na mgawanyo wa ziada, na kwamba sera isiyogusa mambo hayo matatu haimlindi mwanachama yeyote. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya wajumbe wa bodi, kamati ya mikopo na meneja wanaotaka kuianza kazi hiyo kwa nguvu walizonazo.

Msidhani kwamba jambo hili ni la mabenki makubwa pekee. Benki Kuu ya Tanzania ilitoa mwaka 2022 mwongozo wa kusimamia hatari za kifedha zitokanazo na mabadiliko ya tabianchi, na Juni 2023 viwango viwili vya kimataifa vya kutoa taarifa za uendelevu, IFRS S1 na IFRS S2, vilitangazwa. Mwaka huohuo Benki ya CRDB iliuza hatifungani yake ya Kijani kwa lengo la kukusanya shilingi bilioni 40, na wawekezaji wakaleta bilioni 171.8. SACCOS, ambazo chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 ziko daraja la tatu na husimamiwa na Tume ya Maendeleo ya Ushirika, hazikuandikiwa mwongozo ule wa mabenki. Hata hivyo, chama kinachokopa benki ili kiwakopeshe wanachama wake kitarajie kuulizwa maswali yaleyale ambayo benki yenyewe inaulizwa, na ni heri majibu yawepo kabla ya kuulizwa.

Ujueni kwanza mkopo unalipwa na nini

Chukueni orodha yote ya mikopo iliyo hai na muipange upya, safari hii bila kufuata lile neno lililoandikwa kwenye fomu. Fomu husema "biashara", "ujenzi" au "ada", yaani inaeleza fedha zilikokwenda; ninyi mnatafuta fedha za kulipia zinatoka wapi. Mama aliyekopa kwa jina la biashara na ambaye hununua dagaa mwaloni, yaani mahali vyombo vya uvuvi vinaposhusha samaki, kila alfajiri analipwa na ziwa. Mwenye kipe, yaani chombo cha kuvulia dagaa, aliyekopa ili aezeke nyumba analipwa na ziwa. Kijana wa bodaboda anayebeba magunia ya dagaa kutoka Kibirizi hadi sokoni naye analipwa na ziwa, ingawa hajawahi kushika wavu. Andikeni safu nne tu: ziwa, michikichi na mazao mengine, mshahara, na biashara isiyotegemea ziwa wala shamba. Afisa mikopo anayewafahamu wanachama wake ataimaliza kazi hii kwa kalamu na daftari, bila programu ya gharama.

Jumla ya safu ya ziwa ndiyo namba ya kwanza ambayo bodi inapaswa kuijua kwa moyo. Wekeni ukomo wake kwenye sera ya mikopo, kama mnavyoweka ukomo wa mkopo kwa mwanachama mmoja, na uamuzi huo uingie kwenye mihutasari.

Ratiba ifuate ziwa

Hapa ndipo penye kazi kubwa zaidi. Mwaka 2024, kwa makubaliano ya nchi nne zinazolichangia Ziwa Tanganyika, shughuli za uvuvi upande wa Tanzania zilifungwa kuanzia tarehe 15 Mei hadi tarehe 15 Agosti ili samaki wapate kuzaliana na kukua. Chama chochote cha Kigoma kihesabu mapumziko ya namna hii kuwa sehemu ya mwaka wake wa fedha, na kila mwaka kithibitishe tarehe zake kwa afisa uvuvi kabla ya kuchapa mikataba.

Tuseme mwanachama amekopa shilingi 4,800,000 za mashine na wavu, kwa marejesho kumi na mawili ya shilingi 400,000 kila mwisho wa mwezi, ukiacha riba. Ratiba hiyo inamdai mwisho wa Mei, wa Juni na wa Julai, wakati kipe chake kiko nchi kavu. Kwa kawaida, rejesho likichelewa zaidi ya siku 30, salio lote la mkopo huhesabiwa kuwa liko hatarini. Kwa hiyo ifikapo Julai taarifa ya chama itaonyesha kwamba wavuvi karibu wote ni wadaiwa sugu, ilhali hakuna aliyetenda hila. Ubaya mkubwa zaidi ni kwamba yule mmoja aliyeamua kwa makusudi kutolipa amejificha katikati ya umati huo, na afisa mikopo hana njia ya kumtambua.

Mkopo huohuo utolewe mwanzoni mwa Septemba na ulipwe kwa marejesho manane ya shilingi 600,000, yote yakiisha kabla ya ziwa kufungwa. Rejesho limekuwa kubwa zaidi, ni kweli, na kamati iangalie kama kipe kinalimudu. Kama hakilimudu, mkopo wenyewe ulikuwa mkubwa kupita uwezo, na ni afadhali jambo hilo lijulikane Septemba kuliko Juni.

Liko pia suala la tarehe. Dagaa huvuliwa kwa taa wakati wa giza, na mbalamwezi inapotanda wavuvi hupumzika, nyavu hushonwa na mgao hufanyika. Fedha huwa mkononi katika siku hizo za mbalamwezi, na rejesho liwekwe hapo. Tarehe 30 ya kila mwezi haifai, kwa sababu mwezi wa angani una siku 29 na nusu, na hivyo tarehe ya kalenda husogea kama siku moja kila mwezi ukilinganisha na giza. Tarehe iliyokuwa nzuri Septemba itakuwa imesogea karibu wiki nzima kufikia Mei, na mvuvi atadaiwa akiwa katikati ya kununua mafuta na vyakula vya majini. Kuanzia Septemba hadi katikati ya Mei kuna vipindi vya mbalamwezi visivyopungua vinane. Vihesabiwe, viandikwe tarehe moja moja kwenye mkataba, na mwanachama apewe nakala anayoweza kuibandika ukutani.

Pamoja na rejesho, fungueni akiba maalumu ya kipindi cha kufungwa. Mvuvi anayeweka shilingi 50,000 kila mbalamwezi atakuwa na 400,000 ziwa likifungwa. Si fedha nyingi kwa miezi mitatu, lakini familia yenye unga ndani haitaweka wavu rehani kwa wakopeshaji wa kausha damu, na wavu ule ndio unaowalipa ninyi kuanzia Septemba. Masharti ya akiba hiyo yaseme wazi kwamba haitolewi kabla ya ziwa kufungwa na kwamba chama hakiwezi kuikata kufidia deni.

Mikopo isiyoongeza wavu

Ziwa Tanganyika lina joto zaidi juu kuliko chini, na maji ya juu yanapozidi kupata joto huwa mepesi na hayachanganyiki vizuri na yale ya chini yenye rutuba. Utafiti uliochapishwa mwaka 2003 katika jarida la Nature ulikadiria kwamba kwa sababu hiyo uzalishaji wa viumbe vidogo vya kijani, ambavyo ndivyo mwanzo wa chakula cha samaki wote, ulikuwa umepungua kwa takribani asilimia 20. Mkopeshaji ayasome hayo kwa makini: kila mkopo wa kipe kipya huongeza mikono inayogombea samaki walewale, na kila kipe kipya hupunguza uwezo wa kulipa wa vipe mlivyokwisha kuvikopesha.

Kwa hiyo kamati itafute mikopo inayoongeza thamani ya samaki ambaye tayari amefika nchi kavu. Simameni mwaloni asubuhi ya Novemba mvua inapoanza ghafla, mwone akina mama wakikimbilia turubai: dagaa walioanikwa mchangani wamelowa, wamechanganyika na kokoto, na mzigo ambao jana ungeuzwa kama dagaa safi wa Kigoma leo unaulizwa bei na mnunuzi wa chakula cha kuku. Chanja za kuanikia zilizoinuliwa kutoka ardhini na kufunikwa wavu juu ni mkopo mdogo, muda wake ni mfupi, na zinabadilisha bei ya mzigo uleule. Taa za sola badala ya karabai nazo hupunguza gharama ya kila usiku bila kuongeza wavu majini. Vyombo haramu kama kokoro, yaani wavu wa kukokotwa hadi ufukweni, visikopeshwe kamwe, na kipengele hicho kiandikwe kwenye mkataba pamoja na sharti la leseni hai ya uvuvi.

Mchikichi unahitaji fedha yenye subira

Mchikichi aina ya Tenera, ambayo ni mbegu bora, huanza kuzaa karibu mwaka wa tatu au wa nne baada ya kupandwa, kisha huendelea kuzaa kwa miaka zaidi ya 20. Ni mali nzuri kwa mwanachama, na ni mtego kwa chama kinachoikopesha kwa fedha zisizofaa. Akiba na amana ambazo wanachama wanaweza kuzidai Januari shule zinapofunguliwa haziwezi kufungiwa kwenye shamba lisilozaa hadi miaka mitatu ipite. Mikopo hii itokane na hisa, na mtaji wa taasisi, yaani akiba ya chama chenyewe iliyotokana na ziada zisizogawiwa, au na mkopo wa muda mrefu kutoka chombo kama Benki ya Maendeleo ya Kilimo, na kiasi chake kisizidi fedha hizo; kama ni za kukopa, ziingizwe kwenye ukomo wa madeni unaoidhinishwa na mkutano mkuu.

Wakati shamba bado changa, mkulima alipe riba kwa mazao yanayopandwa katikati ya mistari, kwa mfano maharage, hadi kivuli kitakapofunga. Fedha za miche msimkabidhi mkononi. Zilipwe moja kwa moja kwa kitalu, na stakabadhi ionyeshe mbegu imetoka wapi, kwa mfano kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Kihinga, kwa kuwa mche wa Tenera na mche usiojulikana asili yake hufanana machoni pa afisa mikopo. Afisa huyo ahesabu pia miche shambani: kwa nafasi ya mita 9 ya pembetatu, hekta moja huchukua miche 143, na ombi la miche 200 kwa hekta ni la kurudishwa kwa mwombaji likafikiriwe upya.

Dhamana za kando ya maji

Maji ya ziwa yalipanda sana miaka ya 2020 na 2021 na kufika kwenye makazi na mialo. Si mara ya kwanza. Yalikuwa juu mwaka 1964, na mwaka 1878 pia, kabla ya ziwa kupasua njia yake ya kutokea kwenye mto Lukuga upande wa Kongo. Nyumba iliyo ufukweni isiwe dhamana pekee ya mkopo wa miaka mingi. Aidha, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa, hivyo mpime kwa futi kamba kabla ya kuikubali hati.

Ziada, na namna ya kudai

Mkutano mkuu hupenda gawio, na wanachama wana haki ya kulifurahia. Bodi iende mkutanoni na namba mbili zinazotumiwa na Baraza la Dunia la Vyama vya Akiba na Mikopo: mtaji wa taasisi usiopungua asilimia 10 ya mali zote, na mikopo iliyochelewa isiyozidi asilimia 5 ya mikopo yote. Chama kilicho chini ya kiwango cha kwanza kipendekeze kubakiza sehemu kubwa ya ziada, na mwenyekiti aeleze kwa lugha ya kawaida kwamba fedha hizo ndizo zitakazobeba hasara mwaka ambao dagaa hawatapatikana.

Kuhusu kudai, kuweni na msimamo bila kudhalilisha. Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza orodha ya programu 69 za mikopo ya mtandaoni zilizokuwa zikifanya kazi bila kibali, na malalamiko dhidi ya wakopeshaji wa aina hiyo, kama vile kuwatumia ujumbe ndugu na marafiki wa mkopaji, yanajulikana na wengi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inawahusu ninyi pia: majina ya wadaiwa yasibandikwe mlangoni, na mdhamini apewe taarifa anazostahili yeye peke yake.

Taarifa ya mwaka ibebe ukurasa mmoja wa mambo haya: sehemu ya mikopo inayotegemea ziwa, idadi ya wanachama waliomaliza mkopo bila kuuza vyombo vyao, jumla ya akiba ya kipindi cha kufungwa, dhamana zilizo karibu na maji, na malalamiko yaliyopokelewa na yaliyotatuliwa. Vipimo viwe vilevile kila mwaka ili wanachama waweze kulinganisha, na kamati ya usimamizi ivikague kabla havijasomwa.

Kwa kuwa mikopo mingi ya uvuvi huombwa ziwa linapofunguliwa, panga daftari upya Machi na Aprili, rasimu ya sera ijadiliwe na bodi Mei, na miezi ya kufungwa itumike kukaa na wanachama mwalo kwa mwalo, kwani ndio wakati wavuvi wanapatikana mchana. Mikataba mipya yenye tarehe za mbalamwezi iwe imechapwa kabla ya tarehe 15 Agosti.