Mchanga wa dikoni msiutupe, wapelekeeni kombe

Mlango wa diko (pale boti zinapofikia na kushusha samaki) ukichimbwa ili boti ziingie, mchanga unarundikwa pembeni, kusi likivuma unarudi palepale na mnachimba tena. Huku pale wanawake wanapookota kombe (wale wa baharini wenye magamba mawili) pameliwa na maji limebaki jiwe tupu. Basi uhamisheni, ila kwa akili.

Kwanza ujue umechimba nini. Chukua chupa ya lita moja na nusu, tia udongo theluthi, jaza maji ya bahari, tikisa halafu iweke chini. Mchanga unatuama ndani ya dakika moja hivi, tope ndo linabaki linaelea, ukikuta mpaka jioni maji bado kama chai ya maziwa achana nalo, litawaziba kombe pumzi maana wanakula kwa kuchuja maji. Tope jeusi linalonuka yai viza pia hapana, na la bandarini (mafuta, rangi za boti zenye shaba) lisiguswe bila kupimwa maabara, sumu inakaa ndani ya kombe halafu mlaji ni wewe.

Mapema nendeni kwa sheha, kamati ya uvuvi na ZEMA (mamlaka ya mazingira Zanzibar), msije mkaambiwa mzoe.

Eneo litafute bamvua (siku za maji makubwa), maji yakipwa kila kitu kinaonekana. Chagua palipo wazi, pasiwe na majani ya bahari wala mikoko. Sisi mara ya kwanza tulimwaga juu ya majani, tena rundo la kiunoni, kombe wa chini wakafa wote, bi mkubwa mmoja alitusema wiki nzima na haki yake. Siku hizi tunachomeka vijiti vyenye alama za rangi, tunamwaga mchanga siku za maji mafu, maji yanapojaa na kupwa kidogo na mkondo ukiwa mdogo, tunatandaza sentimita 5 mpaka 10 basi, bamvua likipita tunaangalia vijiti kama mchanga upo au umekwenda zake. Wajapani kule Ghuba ya Mikawa walitumia mchanga uliochimbwa njia ya meli kurudisha pwani za kombe wao wanaoitwa asari, kwahiyo sio uzushi wetu.

Usipande haraka. Ukikanyaga ukazama mpaka kifundo, bado. Subiri uone vishimo vya minyoo na vikaa vidogo, hapo leta kombe wadogo, panda kipande cha hatua nne kwa nne tu, kamati ipafunge. Kila bamvua kahesabu, magamba yaliyoachama weka pembeni na uangalie wamekufa upande gani, kama ni ule wa chini panapotuama maji ujue tope limejikusanya hapo, likwangue kwa jembe.